Namba Iliyorudi Vilevile

Jumanne, tarehe 11 Februari 2014. Asubuhi hiyo hapa Duluth, kaskazini mwa Marekani, baridi ilikuwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, hakuna upepo, na ziwa limeganda hadi macho yanapokoma. Nilisali, nikanywa kahawa, nikaondoka. Tangu mume wangu Verne afariki, sina wa kumuaga.

Jioni, kwenye darasa la kompyuta, tulikuwa na jaribio: kubadili namba za kumi na sita, zile zinazotumia herufi baada ya tisa, ziwe namba zetu za kawaida za kumi. Programu tuliyotumia kwa kazi hiyo haina picha wala vitufe. Unaandika amri, inakujibu mstari mmoja. Nilikuwa nimeshindwa mara mbili. Nikishindwa ya tatu, nafasi yangu anapewa mwingine, na darasa hilo ndilo mahali pekee ninapoitwa kwa jina. Kuulizana kuliruhusiwa. Mimi sikuwahi kuuliza.

Nilikaa kando ya ukuta peke yangu, kama kawaida. Nikaiambia programu: ninachoandika ni namba za kumi na sita. Kisha: nijibu kwa namba za kumi. Nikaandika 1F. Ikajibu 1F. Nikarudia. 1F. Ilikuwa kama kuita ndani ya nyumba tupu. Nikafumba macho nikaomba.

"Bi Lorna, unasinzia au unaiombea mashine?" Alikuwa Kivela, dereva mstaafu wa treni, wa meza ya mbele.

"Inanirudishia namba yangu ileile."

Akaja akiburuta kiti. "Ulianza kuiambia nini?"

"Ninachoandika."

"Ndiyo hapo! Ukishaiambia unaandika kwa kumi na sita, hata ile 10 unayoandika kuomba jibu inaisoma kuwa kumi na sita. Haikukatalii, bibie, inakutii kupita kiasi. Taja kwanza aina ya jibu unalotaka."

Nikaifunga, nikaifungua, nikaanza na aina ya jibu. 1F. Ikajibu 31.

"Umeteseka na hili tangu lini?"

"Wiki ya saba sasa."

"Na sisi tumejaa hapa! Mkaidi kama injini ya treni kwenye baridi ya Januari."

Darasa likacheka, nami nikacheka. Wiki saba nilimwomba Mungu, na binadamu hata mmoja sikumwuliza. Huenda jibu Lake lilikuwa limeketi meza ya mbele muda wote huo.

Nilipomaliza namba zilizobaki, Mwalimu Ostby akatia alama ya kufaulu kwenye karatasi yangu. Nikasimama.

"Nisikieni wote," nikasema. "Alhamisi nakaa meza ya mbele. Na nikikwama nitauliza siku hiyohiyo, hata mkinicheka."