Vidole Vilivyolegeza Nati

Jumatatu asubuhi Gasper, fundi mashine wa Masasi, alipanda Newala kwa pikipiki kwenda kuunyoosha msumeno wa karakana ya Mzee Cecil. Ulikuwa msumeno wa umeme unaoning'inia kwenye mkono wa chuma juu ya meza. Ukiuvuta, unakata ubao. Siku hizi ulikata mshazari, na madawati ya shule yalitakiwa Ijumaa.

Alichomoa waya, akaweka guniya, kipimo chake cha pembe mraba, akaurudisha mkono mahali pake na kukaza nati inayoushikilia. Akachomeka waya, akakata ubao. Ukakatika mshazari. Akatazama: nati imelegea. Akakaza tena, ikalegea tena.

Mara ya tatu alibaki akiiangalia. Vidole viwili vilitoka kwenye unga wa mbao, kucha safi, vikapanda meza na kuanza kuifungua nati.

"Ni vya mume wangu, Nurdini," alisema Shamila, aliyekuwa akipiga msasa miguu ya dawati. "Vilikatwa hapa mwezi wa tatu. Tulivizika nyumbani, vikarudi kazini."

"Vinataka nini?"

"Vifuate."

Vidole vilishuka, vikaenda nyuma ya makopo ya vanishi, vikagonga. Gasper akavuta kinga ya msumeno, kile kifuniko cha kuzuia mikono isifikie meno, imejaa vumbi. Shamila akamwambia barua ya ajali aliyoiandika Mzee Cecil ilisema Nurdini ndiye aliyeing'oa na kuipoteza, kwa uzembe wake. Alifukuzwa kazi bandeji ikiwa bado mbichi.

Gasper akaifunga kinga. Vidole vikamshikia skrubu. Ubao uliofuata ulikatika sawasawa. Alipoupima, mwanga haukupenya kati yake na guniya.

Mzee Cecil akaingia. Baada ya shikamoo na marahaba, akaiona kinga.

"Toa hiyo. Inachelewesha kazi, ndiyo maana niliificha."

"Basi ibadilishe ile barua, Mzee," Shamila akasema.

"Barua ina muhuri, Mama Tahiri. Endelea na msasa." Akamgeukia Gasper. "Nati ichomelee, isilegee tena."

"Nikiichomelea, msumeno hautakata pembe nyingine tena."

"Dawati halina pembe nyingine."

Gasper alimkwepa Shamila macho, akaitoa kinga, akachomelea. Vidole viliijaribu nati ingali moto, vikaiacha.

Mchana Fikirini, mkataji mpya, alianza kazi. Kila mkono wake ulipokaribia meno ya msumeno, vidole viwili viliusukuma pembeni, naye akashukuru na kuendelea. Gasper alipokuwa akifunga vifaa vyake, Mzee Cecil alikuwa akimsifu Fikirini mbele ya Shamila: huyu ndiye mtu makini, si kama yule.