Mzabibu wa Maili ya Nne

Jumamosi, kwenye maili ya nne ya nusu-marathoni ya Sonoma, kando ya meza ya pili ya kuonjesha mvinyo, Noreen Bascom aliinama kufunga kamba za kiatu. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu. Miaka miwili iliyotangulia gari la kukusanya wanaochelewa lilimzoa njiani, akarudishwa amebanwa kiti cha nyuma na bwana mmoja aliyevaa kama kishada cha zabibu. Noreen ni mpokea wagonjwa kwa daktari wa meno, na wagonjwa hawajaacha kumuuliza kama alimaliza.

Alipoinuka, mzabibu wa mwisho wa safu ulikuwa umeng'oa mizizi yake na unajinyoosha. Ulikuwa na umri wa miaka tisini na sita. Shina lilikuwa limefungwa utepe wa rangi ya chungwa, kama wakongwe wote wa safu ile, ambao wangeng'olewa Jumatatu.

"Mwenye shamba anasema nimechoka," mzabibu ulisema. "Nataka anione nikimaliza."

"Haya twende, mzee. Ila usianze kwa pupa."

Wakakimbia. Mzabibu uliwamwagia watu udongo kwenye soksi. Wakimbiaji walilalamika jambo moja tu, kwamba ulikuwa unawapita kushoto bila kusema "napita." Kwenye maili ya saba ulipewa mvinyo, ukakataa.

"Siwezi kunywa wajukuu," ulisema, ukaomba maji.

Maili ya kumi Noreen alikaa chini, akatangaza kwamba anakufa.

"We mama, hebu inuka! Mimi njia siijui!"

Akainuka. Walimaliza dakika mbili kabla ya muda wa mwisho wa mbio, yaani saa tatu tangu kuanza, na Noreen akalia kwa furaha mbele ya watu. Mwenye shamba, Bwana Curtis Vanderhoof, aliuvisha mzabibu medali kwa mikono yake, akapiga nao picha, akasema kwenye kipaza sauti kwamba hajapata kuona moyo kama ule. Mzabibu ukamuuliza habari za Jumatatu.

"Hongera sana, mzee wangu," alisema. "Lakini trekta nimeshalikodi."

Noreen alimchukia mtu yule papo hapo, kwa roho yake yote. Mzabibu ulisema basi, utatoroka leo leo, uvuke kilima.

"Leo? Baada ya maili tisa? Utajiumiza!" Noreen alikuja juu, maana hakuna mkimbiaji wa wikendi asiyeijua kanuni hii. "Pumzika siku mbili kamili. Weka barafu. Jumatatu asubuhi utakuwa mwepesi, utoroke vizuri."

Jumatatu saa moja asubuhi Noreen alishuka ngazi za nyumba yake kinyumenyume, ameshika ukuta, akaendesha gari hadi shambani. Mzabibu ulikuwa shimoni mwake, mfuko wa barafu umefungwa kwenye mizizi. Trekta lilikuwa limeshawashwa.

"Kimbia, mzee!"

"Mizizi imekaza yote. Miguu yako je?"

"Hata kukunja goti siwezi."

Eusebio, dereva wa trekta, aliwasubiri kwa adabu wajaribu mara mbili. Kisha akashuka, naye kinyumenyume, kwani Jumamosi alikimbia pia, akafunga mnyororo. Noreen aliomba radhi. Mzabibu ulimwambia asijali, ushauri ulikuwa mzuri.

Safu nzima iling'olewa kabla ya kahawa ya saa nne.