Kiatu cha Baba Kibiriti

Kura zilipojumlishwa, kisa cha kiatu kiliviacha vingine mbali sana. Tulikuwa tumewaomba wasomaji wa *Njiti*, jarida dogo la chama chetu, watutajie kisa wanachokipenda kuliko vyote katika vitabu vya Bibi, na karibu kila mmoja akaandika neno lilelile: kiatu. Iliyobaki ilikuwa kazi yangu mimi mhariri. Nikiweke kisa ukurasa wa mbele, na chini yake nitaje kimetoka kitabu gani na ukurasa wa ngapi. Hapo ndipo nilipokwama.

Bibi ndivyo tunavyomwita mwandishi aliyetulea kwa vitabu vyake vya Kibiriti, yule mtoto wa kike mwenye hasira za karibu na maswali yasiyoisha. Bibi alishafariki zamani, lakini vitabu bado vinauzwa, na sisi tunaompenda tumejiundia chama. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi chumba cha nyuma cha duka la Dobi, katikati ya makoti ya watu yaliyotundikwa na vikaratasi vya namba, tukibishana punda wa Kibiriti alichechemea mguu upi. Mume wangu anasema watu wazima tumerukwa na akili. Simjibu, kwa sababu yeye huwapigia kelele watu wazima wenzake wanaokimbiza mpira ndani ya televisheni.

Kisa chenyewe ni kifupi. Baba yake Kibiriti ni mtu wa safari. Usiku mmoja Kibiriti anasikia kwamba baba ataondoka alfajiri, basi anaiba kiatu chake cha kushoto, anaifunga kamba yake kwenye mkono wake na kulala nacho. Baba anaamka, anatafuta gizani, anakosa, anaondoka hivyohivyo. Kunapokucha mlango unafunguliwa. Baba amerudi, mguu mmoja una kiatu, wa pili una vumbi hadi gotini. Anakaa kitandani, anamwambia mwanawe, "Nimefika nilipoweza kwa kiatu kimoja."

Maneno hayo kwetu ni kama salamu. Mwanachama akichelewa husema amefika alipoweza kwa kiatu kimoja, na hakuna anayemnunia.

Sasa nilipowauliza kwa simu kisa hicho kiko wapi, Dobi alinijibu hata sijamaliza kuuliza, kitabu cha tatu. Sista, muuguzi wa wodi ya watoto, akaapa ni cha tano. Mwalimu, mwenyekiti wetu, ambaye wanafunzi wake walimpa jina la Koma na akazeeka nalo, alisema cha pili, akanieleza hata picha yake: taa mezani, kiatu kitandani, paka dirishani. Nikapekua cha tatu, cha tano na cha pili. Nikapekua vilivyobaki. Nikarudia, safari hii kwa kidole. Kiatu hakuna.

Kupekua ni kazi yangu, maana kwenye kiwanda cha uchapaji mimi ndiye ninayepanga kurasa. Ukurasa wenye nafasi nyeupe unaninyima usingizi. Ugonjwa huo nimeurithi kwa Shangazi, dada yake baba, aliyenilea tangu sijaanza shule. Yeye ndiye aliyeianzisha *Njiti*, enzi za taipureta na mashine ya kuzungusha kwa mkono.

Basi Jumamosi hiyo niliwaambia kila mtu aje na vitabu vyake. Dobi alizima pasi, akatandika shuka juu ya meza, tukavimwaga vitabu vyote hapo. Shangazi alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kamba za viatu amezilegeza kwa sababu miguu humvimba, akaendelea kubandika stempu kwenye bahasha za jarida. Tangu aache kazi hatoki nyumbani ila kwa mkutano huu. Siku nne kabla huwa ameshapiga pasi gauni lake.

"Kiko hapahapa," alisema Dobi, akilowesha kidole kwa ulimi. "Nakumbuka hata harufu ya ukurasa."

"Harufu ya ukurasa ni sabuni yako," alisema Sista.

Tulipekua mpaka chai ikapoa. Nilikuwa naona raha, nisiseme uongo. Nilikuwa nimewakamata watu wanaojua kila kitu, na mmoja mmoja alikuwa akifunga kitabu taratibu na kujitia anatafuta miwani. Koma ndiye aliyekawia kusalimu amri. Alikipindua kitabu cha pili juu chini, kana kwamba paka angedondoka.

"Mwalimu, na ile picha?" nilimuuliza.

"Nimeiona kwa macho yangu."

"Wapi?"

Alifikiri. Uso ukamshuka. "Kichwani," alisema.

Sista akacheka, kisha akaacha, kwa sababu maana ya jambo lile ilikuwa imetufikia sote. Kisa tunachokipenda kuliko vyote, Bibi hakukiandika.

"Basi kuna mtu amekitunga," alisema Koma. Sauti yake ilikuwa imeshakuwa ya ofisi ya mwalimu mkuu. "Kakipenyeza kwenye *Njiti*, sisi tukakimeza. Na kanuni ya kwanza ya chama mnaijua. Atakayemtilia Bibi maneno mdomoni, uanachama wake umekwisha. Muuza dawa tulimtoa."

Muuza dawa alikuwa ameandika harusi ya Kibiriti. Mpaka leo akituona anavuka barabara.

"Matoleo ya zamani yangetuonyesha," alisema Dobi.

"Yaliozea kwangu paa lilipovuja," alijibu Koma, "na nilishaomba radhi. Tufikiri. Ni mtu wa zamani, na anayajua mambo ya watoto. Nani alianza kukisikia, na lini?"

Nikasema mimi huenda ndiye wa kwanza, maana nilikijua hata kusoma sijui. "Nilikuwa namuiga Kibiriti," niliwaambia. "Baba yangu alikuwa dereva wa malori. Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu chake mkononi nikilala nacho, cha kushoto vilevile, kama kitabuni. Alfajiri akavaa ndara akaondoka."

Hilo niliwahi kulisimulia mara nyingi kama kichekesho, na kwa kawaida watu hucheka. Siku hiyo Sista hakucheka.

"Kibiriti nani alikusomea?" aliuliza.

"Shangazi."

"Kwenu, kwa baba?"

"Hapana. Nyumbani kwetu hakukuwa na kitabu hata kimoja. Shangazi alianza kunisomea nilipohamia kwake."

"Na ulihamia kwake lini?"

Nikaanza kuhesabu. Nilihamia kwa Shangazi baba alipoondoka. Kiatu nilifika nacho. Mlangoni kwake niliingia nacho kikining'inia mkononi, na watu wakadhani ni mzigo wangu. Siku ile nilikuwa sijawahi kulisikia jina la Kibiriti. Sasa nilikuwa nimemuiga vipi?

Nikageuka dirishani. Shangazi alikuwa ameshika stempu kwa ncha za vidole, haibandiki wala haiweki chini.

Mimi ndiye niliyeanzisha msako huu, tena kwa mbwembwe, na sasa nilitamani niurudishe mfukoni. Ningeweza kusema tumechoka, tuahirishe. Nilikuwa natafuta maneno hayo yeye aliponitangulia.

"Acheni kuvisumbua vitabu," alisema. "Ni mimi."

Dobi alikaa juu ya kapu la nguo chafu.

"Ukurasa wa mwisho wa jarida siku zote tulikuwa tunaweka kipande cha Bibi," Shangazi aliendelea, akiiambia ile stempu. "Siku hiyo kitabu nilikuwa nimekiazimisha, mashine yenyewe ya kuazima, mwenyewe anaitaka jioni. Ukurasa umebaki mtupu. Nikapiga taipu kilichokuwa mbele ya macho yangu."

"Kipi?" aliuliza Sista.

"Huyu hapa." Alinielekeza kwa kidevu. "Amelala chini ya meza ya taipureta. Kamba imemkaza mkono mpaka umevimba, na ukikigusa kiatu tu anaamka. Nikabadilisha jina."

Mimi nilikuwa nautazama mkono wangu kama mjinga. Miaka yote nimejiona kivuli cha mtoto wa kitabuni, kumbe kitabuni hakuna mtoto mwenye kiatu. Nilikuwepo mimi.

Koma alivua miwani. Kwake lilikuwa pigo la namna nyingine. "Mama," alisema polepole, "mimi kisa hicho nimekifundisha. Nimekitungia mtihani."

"Walifaulu?"

"Vizuri sana," alisema Koma kwa huzuni.

Sista aliziba mdomo kwa kiganja. Shangazi hakucheka. Aliirudisha stempu kwenye kopo, akaanza kukusanya vitu vyake: miwani, leso, kopo la pipi anazogawa mwisho wa mkutano. Kopo la pipi alilifikiria kidogo, akaliacha mezani.

"Kanuni ile niliiandika mwenyewe," alisema. "Nilipoona watu wameanza kukinukuu, nikaogopa. Nikasema niweke kufuli kabla hajaingia mwingine. Mwenyekiti, huna haja ya kuisoma. Naijua."

Akashika mkono wa kiti ainuke. Kwa Shangazi kuinuka ni safari, na nilimuona anavyoianza, na nikaona pia anakokwenda: chumba chake, redio yake, na Jumamosi zisizo na gauni la kupigwa pasi. Nilitaka kumzuia. Nilitaka pia kumkasirikia, maana alikuwa amechukua kitu changu akawagawia watu wote bila kuniuliza. Hasira na huruma vilinijia pamoja na sikujua kipi nikipishe.

"Shangazi, kaa," nilisema.

"Kanuni ni kanuni."

"Unakwenda wapi na stempu hazijaisha?" alisema Dobi. Akasimama mlangoni na mwili wake mzima, na Dobi akisimama mlangoni hapapiti mtu wala koti.

Sote tukamtazama Koma. Alikuwa akiipangusa miwani yake kwa ncha ya mkono wa shati la mteja lililoning'inia karibu, na Dobi aliona na akanyamaza. Mwalimu huyu aliwahi kuahirisha mkutano kwa sababu ya nukta, na hajawahi kumpendelea mtu. Muuza dawa alikuwa rafiki yake wa karibu.

"Kanuni inakataza kumtilia Bibi maneno mdomoni," alisema hatimaye. "Sasa maneno hayo yamo mdomoni mwake. Kazi ya chama ni kuyatoa." Akavaa miwani, akanigeukia. "Mhariri, kisa kimepata kura, kitachapwa. Chini yake hutaandika kitabu wala ukurasa. Utaandika jina la mwenyewe. Maneno yakiwa na mwenyewe, hayamo tena mdomoni mwa Bibi. Kuna anayepinga?"

Hakuna aliyepinga.

"Kwa hiyo na muuza dawa arudi," alisema Dobi, "tukiweka jina lake kwenye ile harusi."

"Harusi ile ilikuwa mbaya," alisema Koma, akafunga kikao.

Waliondoka mmoja mmoja, kila mtu na furushi lake la vitabu, na kila mmoja alipitia dirishani kumpa Shangazi mkono na kupewa pipi. Koma alichukua mbili. Dobi akaenda mbele kumhudumia mteja. Tukabaki wawili, na makoti.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitaja, ama kwa adabu au kwa kutojua. Baba hakurudi. Hakufa, alianza tu maisha mengine kwingine, na kiatu chake nilikaa nacho mpaka panya walipokishughulikia. Huyo aliyekaa kitandani na vumbi hadi gotini, anayenukuliwa na kila mwanachama anayechelewa, hakuwahi kukaa popote.

"Shangazi," nilisema, "yule mtoto uliandika ulichokiona. Mbona ukamrudisha baba?"

Alikuwa akihangaika kuifikia miguu yake, anainama na kukwama katikati. Aliacha, akanyoosha mgongo.

"Nilipofika pale unapolala na kiatu, nilidhani nimemaliza," alisema. "Nikatazama, bado kuna nafasi chini." Akanionyesha kwa vidole viwili, nafasi ndogo, ya mistari michache. "Na alikuwa kaka yangu, mwanangu. Nafasi ilikuwepo. Ningemwachaje nje?"

Nilipiga magoti sakafuni, kati ya makoti, nikaanza kumfunga kamba za viatu. Cha kushoto nilikifunga mara mbili.