Jambo la Nne

Miaka ishirini na sita nimempikia Profesa Dressler kahawa, na kila asubuhi nimemwombea mabaya. Usinitazame hivyo. Wewe angekuibia ungemwombea heri?

Chuo chetu kidogo hapa Minnesota kinajulikana kwa jaribio lake moja. Unamwita mtu, unamsimulia mambo manne ya utoto wake, ukidai umeyapata kwa mama yake. Matatu ni kweli. La nne umelitunga: tuseme, alifukuzwa na bata mzinga harusini. Unamwambia afumbe macho atafute. Wiki ya tatu anakueleza mpaka rangi ya gauni la bibi harusi, na yuko tayari kuapa! Maana kumbukumbu hatuitoi sandukuni. Tunaipika upya kila tukiitaka.

Jaribio hilo nililiwaza mimi, Verna Lindqvist, nikiwa mwanafunzi wake. Nililiandika kwenye daftari la kijani, nikampa mkononi, Julai, joto la kuyeyusha lami. Mwaka uliofuata likachapishwa kwa jina lake peke yake. Nilipomuuliza alicheka. "Daftari gani, Verna? Unaota." Masomo yakanishinda kwa uchungu, nikabaki karani wake. Kinachonichoma ni kwamba baada ya muda hakuwa anadanganya tena. Alishajiaminisha. Mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Mwaka huu akawa anastaafu. Nikamwambia nakusanya habari zake za zamani kwa ajili ya sherehe ya kumuaga. Kila Jumanne nikajifungia naye ofisini na mambo yangu manne. Kwake niligeuza: matatu ya uongo, moja la kweli.

"Theluji ilikuwa imekata umeme," nikamwambia. "Ulikuwa na bandeji kidoleni. Ulikuwa unakula pai ya cheri. Nikaingia, nikakupa daftari la kijani."

"Sikumbuki kitu, bibie."

"Fumba macho tu, Profesa. Hakuna haraka."

Wiki ya pili alikuwa anakisugua kidole. Ya tatu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Lile daftari... lilikuwa na kazi yako ndani, siyo?"

"Wewe unaonaje?" nikamjibu.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Akasimama, akaikunja karatasi ya hotuba. "Jaribio lile si langu," akasema. "Ni la Verna. Nilimwibia." Mkewe akaangusha uma. Mkuu wa kitivo akatangaza palepale kwamba jina langu litarudishwa. Aa, raha niliyoisikia! Nilimtazama akilia mbele ya watu mia na sikumhurumia hata chembe.

Kisha akanijia mezani, macho mekundu.

"Nisamehe, Verna. Siku ile uliingia unatetemeka kwa baridi. Nikavua koti langu nikakuvisha, unakumbuka? Halafu nikakufanyia unyama ule."

Koti! Koti mimi sikumtungia. Hilo kaliongeza mwenyewe, ajione alikuwa mwema kidogo. Nikafungua kinywa nimwambie mbele ya wote: koti gani, mwizi wewe, ilikuwa Julai! Lakini mabega yangu yalikuwa yameshapata joto. Nikasikia harufu ya tumbaku kwenye kola.

"Lilikuwa la kahawia," akasema.

"La kijivu," nikamsahihisha.