Chumba cha Karibu na Choo

Katika nyumba ile ya vyumba vya kupanga huko Daegu, nyuma ya kituo cha treni, hakuna aliyekitaka chumba cha chini kilichopakana na choo isipokuwa Pyo Deok-su. Wenzake walikisonya. Harufu ilipenya ukutani, na kila aliyevuta maji alimwamsha aliyelala mle. Deok-su alikitamani waziwazi, bila haya, kwa sababu aliona uhai wake uko pale.

Yeye alikaa juu kabisa. Magoti yake aliyamaliza kwenye sakafu za watu, miaka na miaka akipanga vigae, na sasa hayakunjiki. Ngazi ilikuwa ya chuma, iko nje, inapigwa na jua kutwa. Deok-su aliishuka kwa makalio, kidato baada ya kidato, na tangu jua likolee mpaka lizame chuma kile kilikuwa kikaango. Kwa hiyo alishuka alfajiri, akashuka tena jioni. Mkojo ukimbana katikati ya hapo, shauri yake.

Msidhani hakutafuta njia. Alijaribu kopo. Siku moja alilipiga teke usingizini, na vilivyomo vikapenya mbao mpaka kwenye bakuli la tambi la mpangaji wa chini yake. Mama Bang, mwenye nyumba, alipanda mwenyewe siku hiyo, anahema, kafura kwa hasira.

"Babu, nikikuta kopo tena humu, utahamia kituoni na begi lako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Basi akashika dawa iliyokuwa rahisi kuliko zote: asiyekunywa hakojoi. Kila adhuhuri watu wa serikali ya mtaa waligawa chupa za maji yaliyoganda barafu, na Deok-su aliipokea yake kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, kama inavyotakiwa. Kisha aliilaza kifuani, akaihamishia kisogoni, akaipakata tumboni mpaka ikayeyuka. Kufungua kifuniko, hata. Jioni maji yale alinawia uso.

Mwili wa mzee una hila zake, kiu huacha kubisha hodi. Deok-su alijiona mzima, mpaka siku aliyoanguka sokoni mbele ya meza ya tikiti maji, watu wakadhani kalewa. Daktari akamweleza taratibu kama anayemweleza mtoto: asingoje kiu, anywe kidogo kidogo tangu asubuhi, na mkojo uwe mweupe kama chai ya shayiri iliyozimuliwa, si mweusi kama mchuzi wa soya.

"Ukianguka tena hivi, mzee, figo hizo hazitaamka," daktari akasema.

Deok-su akashukuru, akarudi kwake, akatazama ngazi.

Chumba cha choo kilikuwa na mwenyewe, Maeng Sang-gu, rafiki yake, aliyemzidi umri kwa miaka michache na maneno kwa mbali sana. Jioni walikaa mlangoni pa Sang-gu wakicheza sataranji, miguu uchochoroni, maana chumba chenyewe hakikuwatosha wawili. Hapo ndipo Deok-su alipothubutu kupiga mafunda mawili matatu, choo kikiwa jirani.

"Kaka, tubadilishane vyumba," alisema jioni moja.

"Nipande huko juu nikafanye nini, nikaanike pilipili?"

"Kuna hewa safi. Wewe si kila siku unalalamikia harufu?"

"Harufu nimeshaioa, mdogo wangu, hatuachani." Sang-gu akasogeza kete yake na kucheka. "Si mnasema aliye juu mngoje chini? Mimi nakungoja hapa. Shuka utakavyoweza."

"Daktari kasema nitakufa, kaka."

Sang-gu akaacha kucheka. Akatazama ngazi, akaitazama miguu yake mwenyewe, miembamba, imevimba vifundo. "Na mimi nikipanda huko nitashuka na nini?" akasema. "Usiniombe hilo, Deok-su. Niombe kitu kingine."

Alisema kweli, na ukweli wake ulimuudhi Deok-su kuliko uongo. Tangu hapo alianza kumchunguza rafiki yake. Akikohoa, Deok-su hutega sikio. Akikataa wali, Deok-su huuliza kwa upole kama tumbo linamsumbua. Alikuwa anamwombea mwenzake mabaya, na alijua.

Mvua za majira ya joto zikaja, sakafu ya choo ikalowa, na asubuhi moja Sang-gu akateleza pale pale kizingitini. Nyonga ikavunjika. Deok-su aliusikia ukelele akiwa juu, akashuka kwa makalio upesi kuliko siku zote, akamshika mkono mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Jioni ile ile, matandiko ya Sang-gu hayajakunjwa, alimwendea Mama Bang.

"Wazee wa nyonga hawarudi," Mama Bang akasema, hata hakushangaa. "Chukua. Kufa kufaana."

"Hajafa, mama."

"Basi usichukue."

Akachukua.

Ee, jinsi alivyokunywa! Alikunywa alipoamka, akanywa kabla ya kula na baada ya kula, akanywa maji ya shayiri aliyochemsha Mama Bang, akanywa chupa ya serikali barafu ikiwa ingali inagonga ndani. Haja ikija, hatua chache na amefika. Kichwa kikaacha kumzunguka, midomo ikapona mipasuko, na mkojo ukawa mweupe kama daktari alivyotaka. Alifurahi. Kila furaha ilipompanda alijiambia kwamba kuomba si kusukuma.

Nyenje walipokuwa wakipiga kelele mchana kutwa, joto limefika ukingoni, gari likasimama mdomoni mwa uchochoro. Sang-gu akateremshwa na magongo mawili. Hospitali ilikuwa imemaliza kazi yake, nyumba ya wazee ilikuwa na foleni ndefu, na ndugu hakuwa naye.

Mama Bang alitoka akijifuta mikono. "Kilichobaki ni cha juu tu," akasema. "Sina kingine, babu. Ningekuwa nacho ningekupa."

Wote watatu wakakitazama kile chumba cha choo. Deok-su alikuwa amesimama mlangoni, chupa mkononi, majimaji ya baridi yakichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Lililotakiwa lilikuwa sentensi moja. Aliijua neno kwa neno, aliihisi ulimini. Akaimeza pamoja na funda la maji.

Sang-gu hakumwomba. Laiti angeomba, Deok-su angepata wa kumkasirikia.

"Umenona," Sang-gu akasema. "Harufu imekupenda."

"Karibu nyumbani, kaka."

Mfanyakazi wa serikali ya mtaa aliyemleta akambeba Sang-gu mgongoni, akampandisha ile ngazi, na magongo yakafuata nyuma na Mama Bang.

Hakushuka siku ile wala iliyofuata. Deok-su alimpelekea chupa kwa mkono wa Mama Bang, mara mbili kila siku, yake na ile ya mgao wa Sang-gu. Sataranji ilikaa imefungwa. Siku ya nne alishindwa kuvumilia, akatoka uchochoroni jua likiwa utosini, akainua uso.

"Kaka! Unakunywa maji huko?"

Nyenje waliendelea kulia. Kisha sauti ikaja kutoka dirishani, kavu, ulimi ukigandana na kaakaa.

"Nakunywa, nakunywa! Usiwe na wasiwasi!"

Deok-su aliitambua sauti ile, maana yeye mwenyewe aliitumia alipokaa kule juu kumjibu kila aliyemuuliza kama anakunywa. Akasimama pale mpaka jua likamfukuza.

"Vizuri, kaka," akajibu, akaingia ndani, akafunga mlango.