Picha Tatu Zilizobaki

Wewe mwenzangu, umewahi kupiga picha thelathini na sita ukakosa hata moja? Mfuaji mmoja wa nguo yalimkuta. Mkanda wake wa kwanza haukushika kule ndani ya kamera. Yeye akabofya na kuvuta, akabofya na kuvuta, namba zikapanda kwenye kidirisha, kumbe mkanda umelala palepale ulipowekwa. Mzee Flashi, aliyekuwa na studio ya picha kabla simu za kamera hazijamfungia biashara, na bado akisafisha mikanda nyumbani, alipousafisha ukatoka mtupu. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Umewapiga watu hewa, mwanangu. Ukivuta, tazama hiki kifundo cha kushoto. Kisipozunguka, unajidanganya. Na la pili, mgongo wa kamera usiufungue mkanda ukiwa ndani. Mwanga ukiingia, kwisha kazi."

Kamera yenyewe aliipata kwa muuza vikorokoro, chini ya pasi tatu zilizokufa. Ngozi ilikuwa imebanduka pembeni, kamba ya shingoni haipo. Akaishonea nyingine kwa kiuno cha suruali kuukuu. Aliwaza kwamba mgongo wake umechoka kuinamia beseni. Akiijua kamera, atawapiga watu wakiwa wamependeza, badala ya kuwafulia jasho lao.

Mkanda wa pili ulishika. Picha ya kwanza kabisa alimpiga mama yake.

Mama naye alikuwa mfuaji, na tangu binti apate akili hajamwona amekaa bila kitu mkononi. Kama si sabuni ni sindano, kama si sindano ni kisu na sufuria. Siku hiyo binti alimkalisha kwenye kigoda mlangoni, beseni akalisukuma ndani kwa mguu.

"Sasa mikono niiweke wapi?" mama akauliza.

"Popote, mama. Iache tu."

"Na huu uso wangu uliokunjamana, unautakia nini?"

Binti akaona haya kusema. "Najifunza tu," akajibu. Mama akacheka, na kicheko kikiwa bado mdomoni, kamera ikabofya.

Baada ya majuma saba mama akafariki. Mkanda ulikuwa bado haujaisha, hivyo hakuupeleka kusafishwa; mfuaji hatupi sabuni kipande kingalipo.

Siku ninayoieleza, aliamka akaloweka mashuka ya nyumba ya wageni, akayasugua, akayaanika, na saa tatu alikuwa kwenye foleni ya ofisi ya vyeti, vidole bado vimenyauka kwa maji. Ilikuwa mara yake ya nne. Chumba walichokaa kiliandikwa kwa jina la mama, na mwenye nyumba alikuwa amesema bila cheti cha kifo, Ijumaa atoe vitu. Mara ya kwanza ilikosekana barua, ya pili ukakosekana muhuri wa barua, ya tatu karani akawa kikaoni.

Leo karani alikuwapo. Akakigeuza kitambulisho cha mama huku na huku. Miaka yote mama alikifunga kwenye pindo la nguo, na lile pindo lilishinda kwenye maji ya sabuni. Uso ulikuwa umefutika.

"Hiki hakina mtu."

"Ni mama yangu, bosi."

"Mimi naona ukungu. Lete picha ya marehemu. Saa saba nafunga. Anayefuata."

Mfuaji hakukasirika. Kwa mara ya kwanza ofisi ile ilikuwa imemwomba kitu alichonacho. Kwa Mzee Flashi si mbali, mtaa wa pili tu. Akatoka hadi uani, akaitoa kamera yake kwenye mfuko wa plastiki, akasoma kidirisha: thelathini na tatu. Zimebaki picha tatu. Angeweza kuuzungusha mkanda urudi kwenye kikasha chake hivyohivyo, aupeleke, lakini mkono wa mfuaji ukakataa kutupa picha tatu.

Akaitazama foleni. Babu mmoja amekalia kiatu chake. Mama mmoja ananyonyesha, amejifunika jua kwa faili. Akapiga. Kifundo kikazunguka. Akapiga ya pili. Ya tatu, mkono wa mlinzi ukadaka kamba.

"Shangazi, nani kakuruhusu?"

Akarudishwa dirishani kwa karani.

"Anapiga picha ofisi, bosi," mlinzi akasema.

"Zifute," karani akasema.

"Hazifutiki. Ni za mkanda."

"Basi nionyeshe."

"Hazionekani mpaka zisafishwe."

"Mlinzi, unamsikia? Haionyeshi, haifuti. Kamera au kopo?"

Kwenye foleni mtu akacheka. "Karithi kwa babu yake huyo."

Karani akanyoosha mkono, akaichukua, akaanza kulitafuta komeo kwa ukucha.

"Nakuomba usifungue mgongo," mfuaji akasema. "Mama yangu yumo humo."

"Yumo humu?" Karani akamkonyeza mlinzi. "Basi tumtoe, hewa isimwishie."

Kifuniko kikaruka. Karani akaushika mkanda kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa utumbo wa kuku, akauvuta wote hadi mwisho. Akauinua kwenye jua la dirishani, akautazama upande huu na upande ule. Ulikuwa wa rangi moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mbona hamna kitu? Umetusumbua bure."

Akamrudishia kamera mgongo wazi, na mkanda ukining'inia. Halafu akatazama saa ya ukutani, akavuta jalada lake.

"Haya. Picha ya marehemu umeleta?"

Mfuaji alikuwa anauzungusha mkanda kiganjani, polepole, kama anavyokunja kamba ya kuanikia.

"Sogea, dada, wenzako wanangoja," sauti ikatoka nyuma. Hakusogea.

"We mama," karani akasema, "kwani unataka nini hasa?"

Mfuaji akauweka mkanda kwenye ubao wa dirisha, akaiacha mikono yake miwili kando yake, mitupu.

"Nilitaka nimwone mama yangu amekaa bure," akasema. "Mara moja tu. Amekaa, anacheka, mikononi hana kitu."