Sura Moja ya Mama Kulhuwa

Maalim alikuwa na Kurani nzima kifuani. Mkewe alikuwa na Alhamdu na sura moja fupi, Kulhuwallahu. Miaka thelathini alimtania hivyo, mpaka watoto wa chuo chake cha Kurani wakambandika jina: Mama Kulhuwa. "Sala zote sura ile ile!" Maalim alikuwa akisema. "Fundi gani huyu mwenye msumari mmoja?" Yeye akimsalisha nyumbani alichagua ndefu, makusudi. Mama alicheka nao, akaenda zake kuanika nguo. Lakini utani nao una meno, na ulimuuma.

Hujafa hujaumbika. Kiharusi kilimpooza Maalim mkono wa kulia, kikampokonya na sura zake. Akianza Yasini inamkatikia. Akianza nyingine, ulimi unarudi kule kule kwenye Kulhuwallahu. Basi akagoma kusali. Wanafunzi wakija kumjulia hali, anajifanya amelala.

Magharibi moja mkewe alileta beseni la maji na kopo, akaanza kumkunjia mikono ya kanzu.

"Acha," Maalim alisema. "Nisimame mbele ya Mola na kitu gani?"

"Una sura."

"Sura ya watoto!"

Mama aliweka kopo chini kwa kishindo. Hasira ya miaka thelathini ilimpanda, na huruma ikaifuata nyuma. "Si wewe uliyewafundisha watoto hao kwamba inalingana na theluthi ya Kurani? Nilikuwa nakusikia kwa dirisha la jikoni. Na lile neno lake, Samadi, ulisema maana yake nini?"

Maalim alijibu kwa shida. "Anayekusudiwa... na kila mwenye haja. Naye... hamhitaji yeyote."

Akautazama mkono uliolala pajani. Maneno hayo aliyafundisha mara elfu, na maisha yake yote hakuwahi kumwomba mtu hata amfunge kifungo. Sasa alifungwa vyote. Alilia bila kujificha.

"Basi haja unayo," mkewe alisema, akimpangusa. "Mpelekee hiyo."

Akamtawadhisha, akageuza kiti alichokalia mumewe kuelekea kibla, akatandika mswala wake nyuma. Maalim akasalisha. Rakaa ya kwanza, Kulhuwallahu. Ya pili, Kulhuwallahu tena, polepole, ulimi ukijikwaa na kuinuka. Mama aliifuata moyoni neno kwa neno, asipotee hata mara moja.

Baada ya salamu Maalim aligeuza shingo.

"Mama Kulhuwa, nimesoma sawasawa?"

"Sawasawa, Maalim."